Mjamzito Niliyemsajili kwa Mazoezi

Mpaka leo naona aibu kupita karibu na nyumba ya mama Neema, ingawa alishanisamehe. Lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuisikia hadithi hii mtaani kwetu Utemini, maana huko imeshaongezwa chumvi.

Mimi natunza takwimu kwenye kituo kimoja cha afya hapa Singida mjini. Kompyuta sikuisomea, nilijifunza mwenyewe kwa simu na kwa kuharibu vitu, ndiyo maana naogopa sana kuonekana sijui. Sisi tunaotumia mifumo ya afya kwenye vituo mbalimbali tunakutana kila mwezi kufundishana kwa zamu. Hakuna mwalimu, anayejua kitu anasimama mbele. Zamu yangu ilipofika nilitakiwa kuonyesha namna ya kumsajili mjamzito ili mfumo umfuatilie.

Kuna mfumo wa mafunzo kwa kazi hiyo, lakini siku ile uligoma kufunguka, na watu wameshakaa, projekta inawaka, Dora anayetuongoza (hana haraka na jambo lolote) akasema, "Subiri, Idrisa, tunywe chai kwanza," mimi nikaona nikisubiri watasema sikujiandaa, nikaingia kwenye mfumo halisi wa kazi, nikijiambia nitafuta baadaye. Wenzangu wakifanya mazoezi huandika "Jaribio Jaribio" na simu ya sifuri tupu. Hilo liliniudhi siku zote. Nilitaka mgonjwa wangu afanane na mtu. Jina la kubuni likakataa kuja, nikaandika Rehema wa Shelui (mchumba wangu, naomba msicheke), mimba miezi minne, namba ya simu nikatunga, mwenza Idrisa, na mtaa wetu. Wakanipigia makofi.

Jioni nilipotaka kumfuta, mfumo ukadai ruhusa ya mratibu wa wilaya. Kumpigia mratibu ni kukiri nilichofanya. Nikasema nitampigia kesho, na kesho ikaja na kesho yake.

Basi, Jumamosi moja wazee wangu wamekusanyika nyumbani waende Shelui kumposa huyo huyo Rehema, baba mkubwa yuko ndani ya kanzu, mama anafunga vitumbua vya njiani, mara anaingia mama mmoja mwenye kizibao cha wahudumu wa afya wa mtaa, kalowa jasho, kishikwambi mkononi. Ndiye mama Neema. Akawasalimia wazee, akasema, "Namtafuta Rehema wa Shelui, mwenza wake Idrisa. Mfumo umenitumia jina lake, ni mjamzito, kliniki haji na simu haipatikani. Yuko salama?"

Baba mkubwa akavua kofia polepole. "Idrisa, sisi tunakwenda kuposa au kuomba radhi?"

"Mtoto wa watu umemficha wapi?" mama akadakia.

Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, eti yupo kwenye kompyuta ila hayupo, eti mimba ni ya mazoezi. Majirani wawili walishafika mlangoni. Nikampigia Dora anitetee, nikaweka spika, na kabla sijatamka neno akapiga kelele, "Idrisa! Rehema hajambo? Mimba imefika wapi?" (Ndivyo walivyonitania kikundini tangu siku ile.) Ilibidi aambiwe ni akina nani wanaomsikiliza, acheke, aache kucheka, amwamkie baba mkubwa shikamoo, ndipo anisafishe.

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mama Neema hakucheka. "Mwanangu, nimezunguka mtaa huu nyumba kwa nyumba," akaniambia. "Nilidhani binti wa watu amekufa." Akaomba maji ya kunywa. Nilimletea mwenyewe.

Posa ilikubaliwa. Ila baba mkubwa, asiyependa kuficha kitu, alisimulia yote ukweni, na jioni Rehema akanipigia: "Nasikia nina miezi mitano na kliniki siendi. Wewe ni mwenza gani?"

Mkutano uliofuata nilisimama mbele nikaomba nifundishwe kufuta na kumwomba mratibu ruhusa. Karibu nusu ya wenzangu wakasogeza viti, nao hawakujua. Yaani ningeuliza mapema ningekuwa na wenzangu. Tangu hapo wagonjwa wangu wa mazoezi wote ni Jaribio Jaribio, kwenye mfumo wa mafunzo tu, na ukigoma nakunywa chai mpaka ufunguke.