Jina la Bwana

Kabla ya daftari kuletwa, hakuna mtu katika milima ya Kibakwe aliyewahi kumuuliza Matonya anafanya kazi gani. Swali lenyewe lingekuwa la kipuuzi. Nyundo yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na kila shamba la mtama uliloliona kutoka kilimani kwake lilikuwa limelimwa kwa jembe lililotoka mikononi mwake, au mikononi mwa baba yake.

Mvua kubwa zikiisha, vijito vya mlimani viliacha kingoni mchanga mweusi, mzito, wa kung'aa. Huo ndio uliokuwa chuma. Matonya na ndugu zake watano waliukusanya kwa vikapu, wakauosha mpaka mwepesi ukaenda na maji na mzito ukabaki. Wakachoma makaa ya miti migumu ya mgongo wa kilima. Wakajenga tanuri la udongo lenye kimo cha mtu, wakachomeka mirija chini yake, na kwenye mirija wakafunga mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Walivukuta kwa zamu tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Wake hawakusogea huko siku hizo, na waume hawakulala majumbani. Tanuri lilipobomolewa ubavu, chini ya mavi ya chuma lilionekana bonge lenyewe, lenye sura mbaya kama ini la ng'ombe, na katika bonge hilo yalitoka majembe kumi na moja, kumi na mawili.

Hakumfulia mtu jembe kabla ya kumwona akilima. Mwanamke akija na mbuzi wake, Matonya alimpa jembe la zamani na kumwambia, "Lima hapo." Kisha aliketi akimtazama: anainamaje, mkono upi unabeba uzito, anagonga au anavuta. Ndipo alipofua. Jembe likiisha makali kwa miaka lilirudi kwake likawa la palizi, la palizi likawa tezo, tezo likawa kisu, na kisu kikaishia kuwa wembe wa kumnyolea mtoto mchanga. Hapakuwa na chuma cha kutupwa.

Neno kazi lilijulikana, lakini lilikuwa neno la barabarani. Lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, na Wadachi walipojenga boma lilizidi kuwa baya. Kazi ilikuwa kubeba kiti cha Mzungu. Kazi ilikuwa kuponda mawe na mnyororo shingoni. "Fulani ameshikwa kazi," watu walisema, kama walivyosema fulani ameshikwa na homa. Mtu aliyetulia kwake, anayelisha watoto wake, alisema kwa fahari kwamba hana kazi. Neno hilo ndilo lililomponza Matonya.

Mwaka ambao reli ilifika Morogoro, Zaidi alikuja Kibakwe na punda sita. Zaidi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mrefu, mchangamfu, aliyezoea kupita kila kiangazi akinunua nta na ngozi. Safari hii alipakua majembe ya Ulaya, yote ya kimo kimoja, yote yamepakwa rangi nyeusi.

"Mbukwa, mzee!" alimwamkia Matonya kwa salamu ya kwao, akimtania. "Njoo umwone mke mwenzio."

Matonya aliligonga moja kwa ukucha. "Linalia kama sufuria."

"Lilie lisilie, linalima."

"Limetengenezwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa yeyote."

"Hakuna mtu anayeitwa Yeyote hapa Kibakwe."

Watu walicheka, na Zaidi akacheka kuliko wote. Kisha akauza majembe arobaini kabla ya adhuhuri, kila moja kwa kuku wawili. Masika yaliyofuata, majembe mengi kati ya hayo yalivunjika shingo kwenye udongo mgumu, lakini wenyewe hawakurudi kwa Matonya. Mwanamke mmoja alimweleza bila kumtazama machoni, "Kuku ninao, baba. Mbuzi ni wa mahari ya mwanangu."

Hata hivyo moto wake haukuzimika. Wenye mashamba ya mfinyanzi waliendelea kuja, na wenye miili mikubwa, na wanaotumia mkono wa kushoto. Wako wanaopenda kutueleza kwamba mafundi wa nchi hii walikufa kwa sababu vitu vya Ulaya vilikuwa rahisi. Kwamba ulikuwa mwendo wa dunia, kama mvua inyeshavyo, hakuna wa kulaumiwa. Hiyo ni hadithi ya wenye maduka. Jembe rahisi lilimjeruhi Matonya, naye angeishi na jeraha lake mpaka uzee. Kilichommaliza kilikuja kwa amri, kikiwa na mhuri.

Amri ilisema mgongo wote wa kilima, wenye miti migumu, sasa ni msitu wa serikali. Hakuna kukata wala kuchoma makaa bila cheti, na cheti atapewa mtu mwenye kazi, aliyeandikwa bomani. Mwanamume asiye na kazi atapelekwa kwenye tuta la reli. Katika yote hayo Matonya alisikia kuandikwa tu, neno kazi hakuliona lake; akakata shauri la kwenda kuandikwa, ili moto wake upate makaa. Alitembea siku mbili, jembe moja jipya begani liwe shahidi wake. Mkewe alifuatana naye. Huyu alikuwa amebatizwa na wamisionari akaitwa Dorkasi, na Kiswahili chake kilimshinda mumewe mbali.

Mezani alikaa karani Bashiri, mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe pe. Bwana shauri Mdachi alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, kikohozi chake kikisikika.

"Jina?"

"Matonya, wa Kibakwe."

"Kazi unayo?"

"Sina," alijibu upesi na kwa heshima, kama mtu anayeapa kwamba hajaiba.

Kalamu ikaanza kutembea. Dorkasi alishtuka. "Karani, ngoja! Anayo! Baba Ruthu, mbona unajimaliza mwenyewe?"

"Kazi ipi? Mimi nimefungwa lini?"

Waliokuwa nyuma yao kwenye mstari waliangua kicheko. Bashiri aliinua mkono. "Mzee, sahau neno hilo. Nieleze, ukiamka asubuhi unafanya nini?"

"Nafua majembe." Akaliweka mezani.

Bashiri alilinyanyua, akalipima uzito, akapitisha kidole kwenye makali. "Zuri hili," alisema, na ilionekana anasema kweli. "Haya. Bwana wako nani?"

Swali hilo Dorkasi alikuwa ameulizwa kila juma kwa miaka miwili, katika darasa la ubatizo, na hakuwahi kulikosa. Akajibu kwa niaba ya mumewe, sauti juu: "Bwana wake ni Yesu Kristo!" Kisha dhamiri ikamsuta, akaongeza, "Hajabatizwa bado, lakini yumo njiani."

Askari wa mlangoni alishika ukuta kwa kucheka. Hata Bashiri aliweka kalamu chini. "Huyo, mama, hajaleta jina lake hapa bomani. Nauliza bwana anayemlipa."

"Wananilipa wanaolima," Matonya alisema.

"Wote?"

"Kila mmoja anapochukua lake."

"Basi huna bwana." Bashiri aligeuza daftari ili wapate kuona, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kusoma mistari ile. "Hapa jina. Hapa kijiji. Hapa jina la bwana, na hapa kazi. Pasipo bwana siwezi kuandika kazi. Nikiandika, yule wa ndani ataniuliza mimi."

"Baba yangu alifua pale. Boma hili halikuwepo, na hao waliolijenga walikula mtama uliolimwa kwa majembe yake."

"Naye hakuwa na kazi," Bashiri alisema, taratibu, kama anayempa mtu pole.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Mtu aliyejua kuuosha mchanga mpaka uwe chuma, aliyemsoma mkulima kwa mgongo wake, aliyelisha bonde zima, aliambiwa na mstari wa wino kwamba hafanyi kitu. Kosa lake lilikuwa moja, hakuna aliyemmiliki. Kwa hesabu ya kitabu kile, mpishi aliyemchemshia Mzungu yai alikuwa na kazi, na Matonya alikuwa mzururaji wa kukamatwa. Waliokipanga kitabu hawakuwa wajinga. Walihitaji mikono elfu kwa ajili ya tuta, na njia ya kuipata mikono ni kwanza kusema ilikuwa imekaa bure.

Zaidi alikuwa kwenye mstari huohuo, amekuja kutafuta ruhusa ya biashara. Alisogea mbele. "Karani, niandike mimi. Bwana wake ni Zaidi bin Mustapha wa Kondoa." Akamgeukia Matonya, akashusha sauti. "Mzee, ni jina tu. Utapata cheti chako cha makaa, utabaki kwako. Utanitilia mipini kwenye majembe yangu."

"Na tanuri?"

"Tanuri la nini, na majembe ninayo tele?"

Askari alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anayatazama mabega ya Matonya kama mtu anavyomtazama ng'ombe mnadani. Dorkasi alimshika mumewe mkono. "Taja jina lake, Baba Ruthu. Turudi nyumbani."

"Sheria inataka useme mwenyewe," alisema Bashiri. "Bwana wako nani?"

Matonya alilichukua jembe lake mezani, akalirudisha begani.

"Zaidi," alisema.

Mwaka mzima alitia mipini. Alipasha moto mkia wa jembe la Ulaya, akautobolea tundu kwenye mti, akaukaza, akachukua jingine. Mtu wa siku tatu za kujifunza angeweza. Lakini masika yalipokwisha, vijito viliacha mchanga mweusi kama vilivyofanya siku zote, naye hakuweza kupita akiutazama tu. Alichoma makaa kwa cheti chake. Ndugu zake wawili walikuwa wameshachukuliwa relini. Aliwakusanya watatu waliobaki, wakavukuta mpaka miguu ikawavimba. Majembe kumi na moja yalitoka. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameshalima mbele ya macho yake, na kila jembe lilifuliwa kwa kipimo cha mgongo wa mtu mwenye jina.

Kabla hayajachukuliwa, Zaidi alifika. Aliyatazama moja moja, akitikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Haya ndiyo majembe, mzee. Nashangaa ulinificha."

"Yana wenyewe."

"Yana mwenyewe," Zaidi alimsahihisha. "Makaa yamechomwa kwa cheti kilichotolewa kwa jina langu. Mfuaji ameandikwa kwangu. Kama nasema uongo twende kwa karani."

Walikwenda, siku mbili nyingine. Bashiri alifungua daftari, akasoma, akasoma tena kana kwamba anatafuta neno alilolisahau mwenyewe. Halikuwepo. "Ni kama anavyosema," alijibu, macho yakiwa juu ya karatasi.

Zaidi aliyapeleka majembe Mpwapwa akayauza kwa mbuzi wawili kila moja, kwa kuwa kila aliyeyashika alijua tofauti. Yule mtu hakujiona mwizi. Aliporudi alimletea Dorkasi kanga mpya, na kumwambia Matonya kwa furaha, "Unaona? Umenikosoa juu ya tanuri. Tuwashe tanuri kila mwaka, mimi na wewe. Nitakuletea vijana wa kuvukuta."

Yaani sasa moto wenyewe ulikuwa umepata bwana.

Zaidi alipoondoka, Matonya alichukua nyundo ya jiwe, ile kubwa ya baba yake, akaanza kulivunja tanuri kutoka juu. Alivunja mirija. Akaichana mivukuto kwa kisu. Dorkasi, ambaye tangu aolewe hakuwahi kukanyaga mahali pale, alikuja mbio mpaka katikati ya vifusi.

"Baba Ruthu! Hili si lako peke yako! Ni la baba yako!"

"Ni la Zaidi. Limeandikwa."

"Na sisi tutakula nini?"

"Nitakwenda relini. Kule wanachukua mikono tu."

Alikwenda Gulwe kwa miguu yake, bila kukamatwa, jambo lililowachekesha makarani wa kambi. Tuta lilikuwa limefika hapo, na maelfu ya watu walikuwa wakibeba udongo kwa vikapu kutoka mashimoni kwenda juu ya mstari. Siku ya tisa msimamizi, Mgiriki mwenye sauti ya kukwaruza, alipita na mkalimani wake akiuliza kama kuna mtu anayejua chuma. Sururu mia mbili zilikuwa butu. Mfuaji wao alikuwa amekufa kwa homa. Atakayejitokeza atalipwa mara mbili, atalala hemani, hatabeba kikapu tena.

Wanaume wa Kibakwe waliokuwa shimoni waligeuza vichwa, wote upande mmoja. Nduguye Matonya, mmoja wa wale wawili waliotangulia kuchukuliwa, alimgusa kiwiko. "Kaka, si unaitwa wewe?"

Mkalimani aliona vichwa vile, akamsogelea Matonya. "Wewe mzee. Unajua kufanya nini?"

Matonya aliinama, akajaza kikapu chake, akakipandisha kichwani.

"Kubeba," alisema, akaanza kupanda tuta.