Ganzi ya Mama, Kutoka Lipingo Hadi Mbinga

Tulisafiri kwa sababu ya uvimbe kwenye titi la mama. Upasuaji alishaukubali. Alichoogopa ni maumivu ya baadaye, maana mama mdogo alipopasuliwa hivyo, alikaa wiki mbili hawezi kuinua mkono, akifungwa kitambaa cha kichwa na watu.

Alfajiri tulitoka Lipingo kwa bodaboda, tukapata basi Mbamba Bay. Barabara ilipanda kwa kona nyingi, na kila nilipogeuka ziwa lilionekana dogo zaidi. Mama alipakata mfuko wa usipa, dagaa wa kwetu ziwani.

Saa tano, hospitalini Mbinga. Daktari wa usingizi, dada mmoja mpole, alituchorea mbavu kwenye karatasi. Kuna ganzi ya kuzuia maumivu ya baadaye inayochomwa karibu na uti wa mgongo, alisema, inashika eneo kubwa lakini sindano inapita jirani na pafu. Nyingine huwekwa katikati ya misuli ya kifua. Haiendi ndani sana, ila kwapani panaweza kubaki panauma. Kwa kuwa mama ana pumu, daktari alichagua ya misuli. Sindano angeiona kwenye mashine ileile ya kuangalizia mimba. Nilishangaa: mishipa ya fahamu isiyoonekana, yeye anajua inapopita! Nilitaka kuuliza kama mama ataweza kuinua mkono. Aibu ikanizuia.

Alasiri ile mama alipasuliwa. Kesho yake asubuhi, wodini. Jirani yetu wa kitanda cha pili, Mama Ndunguru, mkulima wa kahawa wa Kingerikiti, naye alipasuliwa titi, ila kwa ganzi ile ya mgongo. Nesi alimwuliza mama maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi.

"Sifuri, mwanangu. Tunashukuru."

Sikumwamini. Kwetu mgonjwa akijuliwa hali hujibu ana nafuu, hata kama hakulala. Nikasema, "Nesi, mwambie ainue mkono."

Mama alinikata jicho. Mama Ndunguru akacheka. "Tuinue wote, mama wa ziwani, tuone ganzi ya nani kali." Wake ukapanda kama anavuta tawi la kahawa. Wa mama ulipopita bega, akakunja uso.

"Kwapani. Nne," akakiri.

Nesi akaandika, akamwongezea dawa. Baada ya muda mkono ule ukafika kichwani, nami nikautazama kama muujiza.

Siku ya kurudi mama alijifunga kitambaa mwenyewe. Nyumbani, mama mdogo alitupokea, akamwuliza hali.

"Nafuu," mama akajibu. Kisha akanitazama. "Mbili."

Nimejifunza kuuliza.