Pedali Tatu Nyuma ya Mgongo

Mama mkubwa hasikii kwa sikio la kulia. Mumewe alimzaba kofi mwaka niliozaliwa mimi, kiwambo kikapasuka, damu ikamchuruzika mpaka kwenye ukosi wa gauni. Mama mkubwa wakati huo alikuwa anatengeneza redio ya mtu. Hakulia. Alinyanyua transfoma iliyokuwa mezani, nzito kama tofali, akamrudishia nayo kwenye taya. Yule bwana aliondoka na meno mawili kiganjani, na mpaka leo hatujui alikoishia. Watu wakisema Mama mkubwa aliachika, mama yangu huwakata kauli: "Dada yangu hakuachika. Aliacha."

Kwa sikio moja lililobaki ndiye fundi wa pedali anayetafutwa kuliko wote. Pedali ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa la umeme na ampli, mashine ya kukuza sauti. Mpigaji akikikanyaga, gitaa lililokuwa linaongea kistaarabu linaanza kubweka. Sauti inachanika. Vijana wa muziki mzito wanataka ichanike, lakini kila mmoja ana namna yake ya mchaniko, na kwa hilo wanaweza kutoana macho. Nimewaona wawili wakikabana koo pale kibarazani kwa sababu mmoja kasema pedali ya mwenzake inalia kama mbuzi.

Wanazozipenda zaidi ni kongwe, zenye transista za zamani, vile vijidude vya ndani vinavyochanisha sauti. Mama mkubwa akizilinganisha hatazami. Hugeukia ukuta, sikio zima analielekeza kwenye spika, kiganja cha kulia anakibandika kwenye mbao za spika asikie mtetemo. "Macho yana upendeleo," husema. "Ukiiona kuukuu utasema tamu kabla haijalia." Mteja mbishi naye humgeuza hivyo hivyo, akachezeshewa pedali nyuma ya mgongo wake. Wengi wamechagua takataka wakaiacha dhahabu yao, wakaondoka kimya kama watu waliofumaniwa.

Nyundo alikuwa mpiga gitaa wa bendi inayofanyia mazoezi kwenye ghala la nyuma. Jina hakulipata kwa gitaa. Alilipata kwa kupiga watu vichwa. Alikuwa na pedali ya buluu iliyopauka, aliyoachiwa na kaka yake aliyechomwa kisu mlangoni mwa ukumbi. Aliileta kwa sababu swichi ilikuwa inakwama. Mama mkubwa akaifungua, akabadilisha swichi, akaifunga. Kazi ya nusu saa.

Baada ya wiki mbili akarudi, moja kwa moja kutoka mazoezini, saa nane mchana, na hakubisha hodi. Mlango ulipigwa teke ukagonga kabati, droo za skrubu zikamwagika. Nyuma yake walikuwa mpiga dramu na mpiga besi wa bendi yake, huyu wa pili amembebea gitaa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la nyaya chakavu, nikabaki pale pale.

"Mwizi wewe!" Nyundo akaibwaga pedali ya buluu mezani. "Umetoa transista za kaka yangu ukaweka uchafu. Imekufa. Inakohoa tu."

"Shikamoo kwanza," akasema Mama mkubwa.

Nyundo akafagia meza kwa mkono. Vikombe vya skrubu, redio ya jirani, chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, vyote chini. Kisha akamkamata Mama mkubwa ukosi, akamsukuma mpaka kisogo kikagonga ukuta, mara moja, halafu tena. Mpiga dramu akamvuta kiuno. "We, huyo ni mama wa watu!"

"Mama wa watu ameniibia marehemu wangu!"

Mama mkubwa alikuwa anapumua kwa mdomo, kisogo kinatoka damu. Majirani walishajaa mlangoni. Fundi cherehani wa chumba cha pili alikuwa na mkasi mkononi, lakini hakuingia. Nilisikia mmoja ananong'ona, "Kumbe anaiba vya ndani." Na Mama mkubwa, kwa sikio lake moja, alilisikia. Nilimwona uso unavyobadilika. Kichwa kugongwa alikuwa amevumilia. Lakini fundi akishaitwa mwizi wa vya ndani, hakuna atakayemwachia hata tochi.

"Hiyo pedali huwa unaiweka wapi ukipiga?" akauliza.

"Juu ya ampli. Siwezi kukanyaga kitu cha kaka yangu. Naibonyeza kwa mkono."

"Ampli ya taa za kioo? Ile inayochoma kama jiko?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Transista za zamani haziwezi joto. Unaibanika wewe mwenyewe, halafu unanigonga mimi ukutani. Ikipoa itarudi."

Nyundo akacheka vibaya. "Fundi akiharibu hakosi cha kusema."

Mama mkubwa akaweka mkono wa kulia mezani, vidole vimetandazwa. "Sikiliza. Utageukia ukuta. Nitakuchezeshea tatu. Utaniambia ipi ina sauti ya kaka yako. Ukichagua nyingine, basi nimeiba, chukua hiyo nyundo yangu uvunje vidole hivi. Ukichagua yako, utawaambia hawa waliojaa mlangoni mimi ni nani."

"Vyote vitano?"

"Hata sita ukiviona."

Mpiga besi, mtu wa kucheka ovyo, akacheka. Mpiga dramu ndiye aliyechagua pedali. Ya kwanza ya buluu. Ya pili nyeusi, ngeni, ya juzi juzi. Ya tatu akaiona rafuni, bati la biskuti lenye swichi moja. "Na hii."

Bati lile Mama mkubwa alilitengeneza mwenyewe kwa kuiga pedali kama ya Nyundo, akilirekebisha usiku na mchana mpaka akasema limebakiza unywele kufanana nayo. Angeweza kusema hilo bovu. Badala yake akalifunga waya.

Akaivingirisha ya buluu kwenye mfuko wa nailoni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaishikilia humo ipoe. Tulingoja. Damu ilimdondoka kutoka kisogoni ikaingia ndooni, naye haoni. Nyundo alikuwa anazunguka chumbani akizipiga teke skrubu moja moja. Mama mkubwa alipoitoa, akaifuta, akaiweka sakafuni na zile nyingine. "Geuka."

Nyundo akageukia ukuta, gitaa begani. Mama mkubwa, mkono wa kulia kaurudisha mezani, akakanyaga moja.

Ilikuwa ile nyeusi. Sauti ilitoka kama msumeno kwenye chuma, nyembamba, yenye meno. Nyundo alipiga nyuzi mara tatu tu. "Hii ni nzi kwenye chupa. Toa."

Mama mkubwa akakanyaga bati. Chumba kikajaa. Vioo vya dirisha vililia, fundi cherehani akaziba masikio. Ilikuwa ngurumo nene ya lori linalopanda mlima limebeba mawe. Nyundo mabega yakamshuka. Akapiga tena, na tena, anapigilia nyuzi kama anamchapa mtu.

"Hii..." akasema. "Hii ndiyo..."

Mpiga dramu alishaitazama ile nyundo iliyokuwa chini. Mama mkubwa hakuondoa mkono wake mezani. Alisema tu, "Punguza gitaa lako."

Nyundo akapunguza kitufe cha sauti kwenye gitaa. Ngurumo ikapungua, lakini iliendelea kukwaruza, chafu vile vile, ndogo tu. Akatikisa kichwa. "Ngoja. Kaka akipunguza ilikuwa inasafika. Ilikuwa inalia kama kengele. Ingine."

Mama mkubwa akakanyaga ya buluu. Sitaweza kuieleza sawasawa. Ilianza kama mlango wa chuma unaong'olewa, ikavimba mpaka nikaisikia kwenye fizi. Nyundo akapunguza gitaa, na uchafu wote ukaondoka, ikabaki sauti moja safi inayoning'inia. Akaongeza, ikabweka. Akapunguza, ikatulia. Alikuwa analia, machozi yanashuka kwenye kidevu.

"Ndiyo hii! Ulikuwa umeificha wapi, mwizi wewe? Ndiyo hii!"

Akageuka. Mguu wa Mama mkubwa ulikuwa bado juu ya ya buluu.

Mpiga besi akacheka. Hakucheka sana, pumzi moja tu ya puani, lakini mlangoni wakaidaka na wao wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuponza. Nyundo aliinama, akainyakua chini ya mguu wake ile ya buluu, ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuikanyaga, na kabla mtu hajajua anataka nini akaishusha na nguvu zake zote kwenye mkono uliokuwa mezani.

Nilisikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika. Mama mkubwa hakupiga kelele, alikaa chini tu. Wa kwanza kumfikia Nyundo alikuwa mpiga dramu, akampiga ngumi ya pua, kisha mpiga besi, kisha mlango mzima. Walimpiga mpaka jino likanibingirikia miguuni. Fundi cherehani, aliyeogopa na mkasi, sasa alikuwa anamkanyaga mbavu. "Mwacheni," Mama mkubwa alisema kutoka sakafuni. "Akifa hapa, mtasema pia ni mimi."

Walipomwacha, Nyundo alikaa kwenye damu yake, pedali imepasuka mapajani. "Inatengenezeka?" aliuliza.

"Mtoeni humu," akasema Mama mkubwa.

Kliniki walimfunga Mama mkubwa vidole viwili. Muuguzi akasema cha kati hakitakunjika tena. Majirani walileta pole, lakini kazi hawakuleta. Maneno yalikuwa yameshatembea nusu nusu: wengine walisikia alipigwa kwa sababu aliiba. Wiki tatu alikaa kwenye meza tupu, akijifundisha kulehemu kwa mkono wa kushoto kwenye mabaki ya redio, akijiunguza, akitukana.

Wiki ya nne Nyundo akaja. Alisimama nje ya kizingiti, pua imekwenda upande.

"Shikamoo, mama."

Mama mkubwa aliendelea na kazi. Salamu ikabaki inaning'inia pale. Nyundo akabadilisha mguu.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Tulikubaliana nini?"

Akatazama chini. Akatazama kibaraza, vyumba vyote tisa, watu na shughuli zao. Kisha akawageukia, akavuta pumzi, akapaza sauti iliyosimamisha cherehani: "Mama huyu hakuniibia! Pedali niliichoma mwenyewe! Vidole nilimvunja bure!"

Fundi cherehani akakohoa.

"Marahaba," akasema Mama mkubwa. "Sasa ondoka, unaniziba mwanga."

Tone la risasi ya kulehemu likamwangukia pajani, akatukana. Kabla ya jioni, fundi cherehani alikuja na redio yake, ile iliyoangushwa siku ile, akaiweka mezani bila kumtazama usoni.