Kifungo cha Shati Katika Koo la Sangala

Mimi ndiye mkosaji, na sitafuti wa kunitetea. Sikuua mtu. Lakini nilimzika mtoto wa mama mmoja bila mwili, kwa mdomo wangu mwenyewe, na yote yalianza na samaki!

Ilikuwa wakati wa vita, miezi ile barabara ya kwenda ziwani, Kajaga, ilikuwa wazi mchana tu. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza, mjini. Nilikuwa nimemchumbia Zena, na Jumapili moja nikawapeleka mama yake na baba yake mdogo kula samaki ufukweni, kwenye mgahawa wa mwanamke nitakayemwita Godelive. Viti vya plastiki, mchanga miguuni, moshi wa mkaa. Hapo mteja huinama mwenyewe kwenye beseni, anachagua samaki wake, kisha anangoja achomwe. Nilichagua sangala mkubwa kuliko wote.

"Eeh, mkwe anajua kuchagua!" akasema baba mdogo.

Tulingoja karibu saa nzima. Kisha likaja gari, akashuka bwana mkubwa mmoja na dereva wake, na sangala wangu akapita mbele ya macho yangu kwenda mezani kwao. Sisi tukaletewa mukeke watatu, visamaki vidogo, vikavu kama kuni.

"Mama, yule samaki ni wangu," nikamwambia Godelive.

Akaweka mikono kiunoni. "We fundi, yule ni mutu mukubwa, ana haraka. We kula hii. Mutu wa sindano haogopi miba midogo!"

Meza zote zikacheka. Hata dereva! Nami nikainama, nikala.

Njiani baba mdogo akasema, kama anaongea na dirisha la teksi: "Mwanaume ananyang'anywa samaki mbele ya wakwe. Kesho akinyang'anywa mke?" Wiki ile ile akatuma neno kwamba ndoa ingoje kwanza.

Ah! Nilishona wiki mbili nikiwa nimeuma meno. Kila nilipokanyaga cherehani nilisikia kicheko cha yule mwanamke. Nilitaka alie. Nilitaka viti vyake vikae vitupu mpaka buibui wafunge nyuzi zao humo.

Siku zile watu walikula samaki kwa woga. Sote tulijua mto Ruzizi ulikuwa ukileta nini ziwani kutoka kwenye mapigano, lakini hakuna aliyelitaja mezani. Mimi nikaamua kulitaja.

Nilirudi peke yangu, mchana, mgahawa umejaa. Mfukoni nilikuwa na kifungo cha shati, cha kahawia, cha mashimo manne, nimekitoa kwenye kopo langu la kazi. Nikaagiza kichwa cha sangala. Wapishi hutoa matumbo, lakini koo hawalichunguzi. Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. Nikakisukuma ndani kwa kidole, nikala kidogo, nikaruka kutoka kitini na kifungo mkononi.

"Jamani! Huyu samaki amekula mutu!"

Mwanamke mmoja akatapika palepale. Watu wakakimbia bila kunawa mikono. Godelive akawa anawashika nguo: "Apana, baba, apana, ni uongo!" Kisha akanitazama. Alijua! Nami nikamcheka, vilevile alivyonicheka.

Haikupita wiki, mkaa wake haukuwashwa tena. Nilifurahi, rafiki yangu. Wacha niseme kweli: nilifurahi mno.

Furaha ile ilidumu mpaka habari ya kifungo ilipomfikia Mama Zena, akaingia kibandani kwangu ninaposhonea. Zena alikuwa na kaka, Idi, aliyeondoka miaka miwili nyuma kupeleka nguo Cibitoke, kando ya Ruzizi, asirudi. Hakuna aliyemwona, si hai wala maiti.

"Mwanangu, nionyeshe kile kifungo."

Nikampa. Akakigeuza kiganjani.

"Hiki ni cha shati la Idi. We mwenyewe ulimushonea. Niambie sio."

Mungu wangu! Nusu ya mashati ya mtaa wetu yalikuwa na vifungo vile. Nilinunua pakiti nzima, nikawashonea watu, Idi mmoja wao. Ningesema kimetoka kwenye kopo langu, ningejianika. Nikasema, "Kinafanana, mama."

Maneno mawili tu!

Alikifunga kwenye ncha ya kanga yake, akaenda. Jioni matanga yakawekwa. Shehe akamswalia Idi sala ya maiti aliye mbali. Baba mdogo, yule yule, akanishika bega mbele ya watu: "Bila huyu kijana tusingejua." Ndoa ikarudi mdomoni mwake. Nilipata vyote nilivyovitaka, nikiwa nimekaa mkekani, nakunywa chai ya msiba nilioutengeneza mwenyewe.

Siku arobaini zilipopita nikashindwa kuvumilia. Nikampigia magoti Mama Zena, nikamwambia yote: samaki, kopo, kidole. "Labda Idi yuko hai, mama! Labda yuko kambi ya wakimbizi, ng'ambo."

Akanitazama kwa huruma. "Unasema hivi kwa kunionea huruma. Miaka miwili nilikuwa namuwekea sahani. Nikisikia viatu nje, nainuka. Mi nimechoka kuinuka, mwanangu. Usinirudishe huko."

Zena alikuwa nyuma ya pazia. Yeye aliamini. Akatoka, akaniambia neno moja, "Toka," na tangu siku hiyo hajaliita jina langu. Sasa ni yeye anayesikiliza viatu mlangoni, peke yake, na hawezi kumwambia mama yake.

Mama bado ananitumia salamu. Kila Ijumaa ananiombea dua, kwa kuwa nilimletea mwanawe. Heri angenimwagia maji ya moto!

Na Godelive? Sitadanganya, kicheko chake bado kinaniuma. Angekuwa mbele yangu leo ningemtukana mpaka sauti inikaukie. Ndivyo nilivyotakiwa kufanya Jumapili ile.

Wewe unayesoma huku umemwekea mtu kisasi moyoni, nakuomba. Piga meza. Pindua sahani. Mtukane, aibike, ondoka zako. Lakini usiwaite wafu wakusaidie ugomvi wako. Hawaji peke yao. Wanakuja na mama zao.