Masika Nani Anabaki?

Nakumbuka siku niliyotoa shikamoo kwa mtu mzima na isipokelewe. Mwanangu Festo, unanijua mimi na salamu: mtoto akinipita kimya namwita arudi. Basi fikiria ilivyoniuma. Nilisimama mlangoni, nikasema, "Shikamoo, bibi," na yule bibi akaendelea kutoa mawe kwenye mchele wake kana kwamba mlangoni amesimama mbuzi. Nitakwambia ilikuwaje, maana picha ulizonitumia juzijuzi zimenirudisha palepale.

Picha ni nzuri, sikatai. Kiwanja cha Mofu, kiwanja cha Michenga, mbingu safi, vumbi limetulia, na wewe katikati umeshika kiuno kama mwenyekiti wa kijiji. Ukaniandikia, "Baba, Mofu pako poa, watu wachangamfu. Michenga pamepooza, halafu majirani Wasukuma, sijui kama tutaelewana." Najua mna watoto wawili, wa pili hata jino hajaota, na kile chumba cha kupanga huko Morogoro kimewabana. Mnataka kurudi huku mlime mpunga. Nilicheka peke yangu. Vijiji hivyohivyo viwili nilivipima mimi nikiwa kijana kama wewe, tena kwa sababu zilezile.

Wakati huo tulikuwa Kidatu, mimi nakata miwa. Mkataba wangu ulipoisha nikamwambia mama yako tutafute kijiji, tulime cha kwetu. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, mnene, ukibebwa dakika kumi mtu anaomba kupokewa. Mwezi wa nane nikachukua baiskeli nikaenda kutazama.

Michenga nilipita asubuhi. Mama mmoja alikuwa anafagia, akanijibu salamu, akaendelea kufagia. Nikaona watu wa huku wabaridi. Mofu nilifika wamemaliza kuvuna. Kila nyumba ina magunia, samaki wanakaangwa njiani, na harusi mbili zinapigiwa ngoma siku hiyohiyo. Mtu mmoja, Kasiani, ambaye baadaye alikuwa jirani yetu, alinipa kigoda na sahani ya kambale kabla hajaniuliza jina. "Hapa hutakaa mpweke," akaniambia. "Sisi wote tupo." Nikashika udongo, nikaufinyanga, ukashikana. Nikarudi Kidatu naimba.

Mama yako aliniuliza swali moja tu. "Na mimi nikapaone?" Nikamjibu, "Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aende wapi na vumbi hili?" Mwanangu, kauli ile ningeweza kuifuta, ningeifuta leo.

Tukahamia Mofu. Kasiani hakunidanganya. Mwezi wa nane walikuwapo wote. Lakini mwezi wa kwanza, mvua ilipokwisha kushika, niliona majirani wanafunga mikeka kwenye baiskeli, masufuria, vyandarua, kuku wamefungwa miguu. Nikauliza kama wanahama. Kasiani akacheka. "Tunakwenda shamba," akasema. "Tutaonana mavuno." Mimi nilikuwa najua shamba la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mashamba haya ya bondeni yako mbali, ng'ambo ya maji, na familia nzima inakwenda kuishi hukohuko mpaka mpunga ukatwe. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwao, hakuna aliyeona haja ya kunieleza, na mimi sikuuliza.

Shamba langu nalo lilikuwa mwendo wa nusu siku. Kukuchukua wewe kwenye mbu wale tuliogopa. Basi nikaenda peke yangu, nikajenga dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kukaa kulinda ndege, na mama yako nikamwachia unga na samaki wakavu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, majirani wapo. Majirani gani? Hata shingo sikugeuza kutazama.

Mwezi wa nne, asubuhi, ulishikwa na homa. Umesikia kwamba uliwahi kuugua Mofu, lakini hukuelezwa yote. Ulikuwa unawaka, kisha macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa. Mama yako akakufunga mgongoni akatoka kutafuta mtu. Kule, anayeondoka huegemeza kijiti kukatiza mlango, maana yake sipo. Alikuta kijiti kwa Kasiani. Akakuta kijiti nyumba ya pili, na ya tatu, na zilizofuata. Aliniambia alipiga hodi mpaka neno lenyewe likawa geni mdomoni mwake.

Nyumba ya mwisho kabisa, karibu na maji, ilikuwa inatoa moshi. Humo alikaa Bibi Agata, Mndamba wa bonde hilohilo, mzee sana. Magoti yalikuwa yamemkataa, wanawe wakamwachia kuni na mchele wakaenda shamba. Alikutazama mara moja tu mgongoni kwa mama yako. "Nishike unifikishe kwenye mtumbwi," akasema. Mama yako, mtu wa Njombe ambaye hajawahi kushika kafi maishani mwake, akamkokota yule bibi kwenye matope, wewe ukiwa mgongoni. Barabara ilikuwa chini ya maji. Bibi Agata akaketi nyuma, akapiga kafi. Miguu haikuwa yake tena, lakini mikono ilikuwa bado yake. Alipiga kafi hadi ng'ambo kwenye zahanati, na hapo ukachomwa sindano, na siku ya tatu ukaomba ndizi.

Na baba yako? Nilikuwa juu ya dungu nawapigia ndege kelele.

Habari zilinifikia kwa mvuvi, zimechelewa. Nilikimbia njia nzima, mahali pengine maji yananifika kifuani. Nikakukuta umekalia mkeka unakunywa uji. Mama yako hakunigombeza. Alisema tu, "Kamsalimie bibi." Ndipo nikaenda nikatoa ile shikamoo.

Hatimaye Bibi Agata aliniuliza, "Ulipokuja kutazama kijiji hiki, uliuliza nini?"

"Niliuliza udongo, bibi. Na samaki. Na shule."

"Masika nani anabaki, uliuliza?"

Nikaanza kufuta matope miguuni.

"Mwezi wa nane hata mimi nakipenda kijiji hiki," akasema. "Mkeo alikuja kukiona?"

Nikatikisa kichwa. Akarudi kwenye mchele wake, na marahaba sikupewa. Niliondoka nimevimba kwa hasira, najiambia mimi ni mwanamume, bibi huyu ananionaje. Nilipofika nyuma ya nyumba yetu nikaketi nikalia. Nakwambia haya kwa sababu hujawahi kuniona nikilia, usije ukadhani sijawahi.

Msimu uliofuata nililiacha lile shamba la mbali. Nikachukua kipande karibu na nyumba, udongo wake mchanga mtupu, tukavuna kidogo na nikachekwa sana. Nikawaomba wana wa Bibi Agata waniruhusu nimjengee mama yao kibanda uani kwetu. Siku naezeka, mwezi wa kwanza, watu walikuwa wanapita na mikeka yao wakielekea shamba. Bibi Agata aliketi akiwatazama hadi wa mwisho. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa juu ya paa. "Marahaba," akasema. Asubuhi ile sikuwa nimemsalimia mtu yeyote.

Tulikaa naye hadi Mungu alipomchukua, ndipo tukahama Mofu. Mengine ya bibi huyo muulize mama yako, mimi nikisimulia ananikosoa. Na usidhani naisema Mofu vibaya. Kasiani hadi leo ananiletea kambale, na safari hizi hunieleza mapema anakwenda lini shamba.

Sasa turudi kwenye picha zako. Ulizipiga mwezi wa tisa, sivyo? Vumbi linaonekana. Alhamisi iliyopita nilichukua bodaboda nikaenda Michenga. Mama yako alinikataza, nikamwambia nakwenda kunyoa. Bodaboda ilizama kwenye tope, mengine nikatembea, na suruali ile mpaka leo haijatakata. Pale jirani na kiwanja ulichopiga picha kuna nyumba tatu. Mbili nilikuta kufuli, siku hizi vijiti vimekwisha. Ya tatu nilikuta mama wa Kisukuma anapepeta mchele barazani. Nikamwambia "mwangaluka", salamu ya kwao niliyojifunza kwa wenzangu kwenye miwa, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Nikamuuliza masika nani anabaki. "Mimi, baba," akasema. "Baba watoto anakwenda, mimi ninabaki na wanaosoma na ng'ombe wawili wa maziwa. Kwani nani anakuja?" Nikamwambia mwanangu, mkewe na watoto wadogo wawili. Akaingia ndani akatoka na kikombe cha maziwa, akasema niwaambie maziwa ya watoto yapo. Hao ndio majirani ulioogopa hutaelewana nao.

Sikuchagulii. Mofu masika haya sijafika, magoti yangu nayo yameanza kukataa, na huenda kule pia yuko anayebaki, tena mwema kuliko huyu. Ninachokuomba, mwanangu, ni kwamba usihamishe familia yako kwa kijiji ulichokiona kikiwa kimevaa nguo za harusi. Kiendee mvua inanyesha, kimenuna, kina matope. Mchukue mkeo Neema mwende pamoja. Katika maneno yote uliyoniandikia, neno la Neema silioni hata moja, na ndiye atakayekaa hapo wewe ukiwa shamba. Mwache yeye apige hodi, yeye asikilize nani anaitika, na akikwambia hapa hapana, usibishane naye habari za udongo. Udongo mbaya nimeulima, tuliishi. Na mkishahamia, mwaka mmoja mmoja ninyi nanyi mbaki, ili mwenye mtoto mgonjwa akija mlangoni kwenu asikute kufuli.

Mungu awape mlango wenye mtu ndani, na moshi wa jirani unaoonekana mchana wa mvua. Wajukuu wangu hao wawili wawe wazito wa kubeba kama ulivyokuwa wewe, na wawepo wa kuwapokea. Shikamoo uliyoniandikia chini ya picha nimeiona. Marahaba yake ninayo hapa, nimeishika. Nendeni kwanza mkapige hodi, kisha njoo na Neema mniambie masika nani anabaki, nikupe.