Gogo Lililotoka Badala ya Mashua

Tangu Ziwa Nyasa lijae maji, hajazaliwa mzamiaji kama mimi. Samaki wananiamkia!

Nabandika karatasi hii mlangoni kwa kinyozi ili nyie mliocheka leo msome wote, mkome.

Mashua ya mjomba Ambokile ilizama pale mto Kiwira unapoingia ziwani, pamoja na injini yake. Injini hiyo ndiyo inayotulisha nyumbani. Leo tuliazimwa trekta la kijiji, siku moja tu. Mafundi wanaojenga daraja mtoni nao wakatupatia mtungi wao wa hewa ya kuzamia, umebakiwa na pumzi ya kuzama mara moja tu.

Nani alijitolea kwenda kufunga kamba? Nyie mlikuwa mnatafuna miwa!

Maji baridi ya kung'oa meno. Tope tupu, hata mkono wangu siuoni.

Nikafunga. Nikaibuka.

"Umeipata mashua, mwanangu?"

"Mjomba, nimeikumbatia kama mchumba!"

Trekta likanguruma, likavuta, watu wakashangilia.

Likatoka gogo.

Gogo la mti, na kamba yangu imekaza vizuri kabisa! Tusajigwe akapaza sauti: "Bwana harusi, mpeleke mkeo nyumbani!"

Wewe Tusa, hata beseni unaliogopa, unamcheka nani?

Mjomba hakucheka. Alikunja kamba, trekta likaenda zake.

Nimelaumu tope. Nimelaumu kamba. Nimewatukana mafundi na mtungi wao.

Haya basi. Kule chini kitu kilinigusa mguu, nikafumba macho, nikafunga kamba kwenye kitu cha kwanza nilichoshika. Mashua sikuifikia.