Jina Aliloliandika Balozi Flavian

Kijiji kizima kilimsifu Balozi Flavian kwa wema, na hakuna kitu kilichomtesa kama sifa hizo. Kila mvua za kwanza zilipolainisha udongo, yeye na mwanawe Basil walifunga maksai wakalima shamba la Mama Dominika kabla hawajagusa la kwao. Nyumba ya mama huyo aliimalizia yeye kuiezeka bati, kwa mikono yake, bila kuomba hata kata moja ya pombe ya ulezi. "Huyu ndiye balozi," watu walisema. "Wengine wanajua kupokea salamu tu." Flavian alitabasamu kama mtu mwenye jino bovu, akaenda zake.

Ubalozi wenyewe ulikuwa wa nyumba kumi, na moja kati ya hizo kumi ilikuwa imeshageuka banda la kuku. Lakini Flavian aliushika kama uaskofu. Alikuwa na daftari. Kurasa za mbele waliandikwa wakazi, kurasa za nyuma wageni: katoka wapi, kafikia kwa nani, anaondoka lini. Hata shemeji aliyekuja kutoka Kabwe, kule ziwani, na samaki wakavu, akilala usiku wa pili aliandikwa.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nane redio ikatangaza kwamba adui kavamia Kagera. Kwenye mkutano wa kijiji Flavian alisimama kabla ya wote akapaza sauti: "Kila nyumba kumi itoe mwanamume!" Alipigiwa makofi, akakaa chini amefurahi. Wiki haikwisha, agizo likaja kutoka kata: kila balozi alete kijana mmoja mwenye nguvu siku ya Jumatatu. Katika nyumba zake vijana walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na kifafa. Wa pili alikuwa Basil, mtoto wake wa pekee, aliyeoa baada ya mavuno na mkewe Adela tayari ana mimba. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Ndipo akamkumbuka Modesti. Huyu alikuwa mtoto wa Mama Dominika, fundi umeme wa mgodini Kitwe, Zambia, mwenye cheti na nyumba ya kampuni iliyo na bafu ndani. Mshahara wake, watu walisema, hata bwana mkubwa wa wilaya angeusikia angeomba kiti akae. Alikuja likizo ya wiki tatu kumwezekea mama yake bati. Kwenye daftari alikuwa nyuma, kwa wageni: anaondoka tarehe ishirini na nane.

Jumapili, baada ya misa, Flavian alikaa peke yake mezani. Akaufuta mstari wa Modesti kwa wageni, akafungua mbele, akamwandika kwa wakazi. Kisha akaandika jina lilelile kwenye karatasi ya kupeleka kata. Alichojilaumia zaidi miaka iliyofuata ni kwamba mwandiko ulitoka mzuri.

Alimkuta Modesti juu ya paa, misumari kaibana pembeni mwa mdomo.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mwanangu. Shuka kidogo." Aliposhuka, Flavian akamwambia akiangalia kuku. "Jina lako limetoka. Limetoka juu. Taifa limekuita."

"Mimi? Mimi si niko likizo?"

"Limetoka hivyo hivyo."

Modesti alilitazama paa, upande mmoja bati na upande mmoja nyasi. Angeweza kupanda basi la Tunduma kesho yake na asiulizwe na mtu. Badala yake alitema misumari mkononi, akaihesabu, akampa Flavian. "Kama wamenifahamu mpaka huku, baba, nitajifichaje? Nisaidie kumalizia hapa kwa mama."

Alirudi baada ya mwaka na nusu, bila mguu wa kushoto kuanzia goti. Mgodi ulikuwa umeshamweka mtu mwingine. Sasa alikaa barazani kwa mama yake akitengeneza redio za watu kwa mahindi na mayai, na wakimwita shujaa aliyejitolea aliwakatalia. "Sikujitolea jamani. Niliitwa. Fikirini: mtoto wa Ufipa, kutoka nyumba ya nyasi, na kuna mkubwa huko alikaa akalisoma jina langu akasema, tunamhitaji huyu." Alilisema hilo mara nyingi, na kila mara uso wake ulinyooka. Flavian akilisikia aliacha kula siku hiyo. Mkewe alidhani ni tumbo.

Mwezi wa saba mwaka themanini na mbili, sherehe ikatayarishwa kwenye uwanja wa shule. Wilaya ilitaka kuwaheshimu wasomi na mafundi walioacha mishahara minono wakaenda kulilinda taifa. Modesti angepewa cheti na blanketi, na Balozi Flavian, aliyemtoa shujaa, angesema maneno machache. Usiku kucha Flavian aliyatafuta maneno hayo. Asubuhi akafunga maksai kwenye mkokoteni akaenda kumchukua Modesti, na walipofika katikati ya mashamba ya ulezi, pasipo na nyumba, akawasimamisha ng'ombe.

"Modesti, mwanangu. Jina lako halikutoka juu."

"Lilitoka wapi?"

"Kwangu. Walitaka mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Basil. Nikakutoa kwa wageni nikakuandika kwa wakazi. Juu hakuna aliyekujua. Nilikuuza, mwanangu. Nimeshindwa kukaa na jambo hili."

Upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba unakata kama wembe, lakini Modesti aliiacha shuka ikamtoka begani asiiokote. Ng'ombe mmoja akaanza kula ulezi wa watu.

"Kwa hiyo hakuna aliyeniita," alisema.

"Hakuna. Ni mimi tu."

Flavian alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe, alikuwa amejitayarisha kwa matusi na hata kwa kupigwa mkongojo. Hakuwa amejitayarisha kuona uso ule uliokuwa ukinyooka ukianguka mbele yake. Ndipo akaelewa, kachelewa kama kawaida yake, kwamba ametua mzigo wake kwa kumtwisha mtu mwenye mguu mmoja.

"Twende, baba," Modesti alisema. "Watu wanangoja."

Uwanjani, jina lake liliposomwa, Flavian alimshika kwapa wakapanda jukwaani pamoja, watu wakashangilia balozi na shujaa wake. Modesti akaishika maikrofoni.

"Mmenisikia siku nyingi nikisema niliitwa," alisema. "Sikuitwa na mtu. Nilijitolea mwenyewe."

Makofi yalilipuka. Basil, mtoto wake mabegani, alipiga mluzi kuliko wote. Mwenyekiti wa kijiji akamgeukia Flavian. "Balozi, wewe ndiye uliyemwandika. Tuambie ilikuwaje!"

Maneno yote aliyoyatafuta usiku yalikimbia. "Ni kweli," alisema. "Alikuja mwenyewe." Wakampigia makofi naye, akashuka.

Walipokwisha kumpandisha Modesti kwenye mkokoteni, Mama Dominika alikuja kutoka walikokaa akina mama. Hakuwa amepiga makofi. Alisimama mbele ya mwanawe, kitenge kimebana mabega, akamtazama kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Miaka yote hii nilimwambia Mungu, wamemchukua, angefanyaje," alisema. "Kumbe ulipenda mwenyewe? Uliniacha na nyumba nusu, ukaenda kwa kupenda?"

Modesti aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama akaanza kulia, si kwa sauti, akimpiga mwanawe begani kwa kiganja kilichokunjwa, pole pole, tena na tena. Flavian alikuwa ameshika kamba ya maksai hatua mbili tu kutoka hapo. Neno moja lingetosha. Modesti alimtazama juu ya kichwa cha mama yake, akangoja, na Flavian akafungua kinywa, akawaswaga ng'ombe.